Kujifunza Kuchora Katika Pwani ya Tanga

Pwani ya Tanga ina sifa ya maneno. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga, na alipofariki mwaka 1962 alizikwa katika ardhi ile ile. Tangu hapo mtu wa kwetu akijitaja kuwa ametoka Tanga, msikilizaji humtarajia awe malenga, au angalau msemaji hodari. Ni sifa njema, nasi tunaipokea kwa shukrani. Lakini ulimi si kiungo pekee alichojaliwa mwanadamu. Lipo jicho, na upo mkono unaolitii jicho. Katika insha hii nataka kueleza namna viungo hivyo viwili vilivyofundishwa kazi katika maisha ya mwanafunzi mmoja, ambaye ni mimi mwenyewe, na faida iliyopatikana nyumbani kwetu kutokana na mafunzo hayo.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wakoloni walitufundisha kuamini kuwa hatuna utamaduni wetu wenyewe, au kuwa tulio nao ni wa kuonea haya. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilipokua nikaanza kulisikia neno hilo la utamaduni, watu wengi walilifasiri kuwa ni ngoma, na wachache waliongeza ushairi. Sikumbuki kumsikia mtu aliyeitaja penseli.

Nilizaliwa mwaka 1960 katika kijiji kilicho karibu na Tongoni, nikalelewa na bibi, mzaa baba. Kipaji changu, kama kweli kilikuwa kipaji, kilionekana nilipokuwa darasa la sita. Nilikuwa na uwezo wa kunakili picha yoyote iliyokuwa mbele yangu. Siku moja nilinakili picha ya kalenda: nyumba ya mawe yenye dohani, miti iliyochongoka kama mikuki, na theluji juu ya paa. Picha ile ilibandikwa ukutani darasani, na kila mgeni aliyekuja alioneshwa. Nilipoirudisha nyumbani nilimpelekea bibi kwa majivuno makubwa. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza:

“Mjukuu wangu, nyumba hii ni ya nani?”

“Ni nyumba ya Ulaya, bibi.”

“Na hiki cheupe juu ya paa?”

“Ni theluji.”

“Umeiona wapi?”

Nilijibu kwamba nimeiona katika kalenda. Bibi hakucheka wala hakunikaripia. Alinirudishia karatasi yangu, akaendelea kusuka ukili. Niliudhika, kwa sababu nilitaka sifa, na niliona kuwa mtu asiyejua kusoma hawezi kujua thamani ya picha.

Mwaka 1975 niliingia shule ya sekondari mjini Tanga, nikawa nalala bwenini. Huko tulikuwa na mwalimu wa sanaa ambaye alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alitugawia karatasi, akasema: “Ichoreni nyumba mliyolala kabla hamjaja shuleni. Msichore nyumba nzuri. Choreni ile ile.” Wenzangu walianza kunung'unika kwamba kazi ni rahisi mno. Mimi nilishika penseli kwa furaha, nikachora mstari wa ardhi, nikachora mlango, kisha mkono ukasimama. Madirisha yalikuwa mangapi? Baraza ilianzia wapi? Nguzo za baraza zilikuwa nne au tano? Makombamoyo yaliishikaje mitambaapanya, na makuti yalifungwaje juu ya fito? Nilikuwa nimelala katika nyumba ile miaka kumi na minne, nami sikujua. Lakini dohani ya kalenda niliijua mpaka tofali la mwisho.

Mwalimu alipita nyuma yetu, akiangalia bila kusema. Alipofika kwangu alisoma aibu yangu usoni, akaniambia: “Usihuzunike. Leo umeanza kujua usichokijua.” Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, na kabla sijala nilizunguka nyumba yetu mara tatu kama mwizi anayetafuta pa kuingilia. Nguzo zilikuwa tano. Moja ilikuwa imepinda, na baba alikuwa ameitegemeza kwa jiwe.

Mafunzo ya mwaka ule wa kwanza yalikuwa makavu. Kwa wiki nyingi tulichora mistari mitupu: mrefu, mfupi, mzito, mwepesi, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Kisha tukapewa kifuu cha nazi kiwekwe dirishani, tukichore asubuhi, adhuhuri na jioni, ili tuone kwamba kivuli hakikai mahali pamoja na kwamba umbo la kitu hutambulikana kwa kivuli chake. Tulifundishwa kunyoosha mkono wenye penseli, kufumba jicho moja, na kupima kwa kidole gumba urefu wa mti ukilinganishwa na urefu wa nyumba. Tulipelekwa Ngamiani, mahali ambapo barabara zimenyooka na kuitwa kwa namba, tukasimama katikati ya barabara moja wapo na kutazama mwisho wake. Pale niliona kwa mara ya kwanza kwamba mapaa ya pande zote mbili huteremka, na ardhi hupanda, mpaka vyote vikutane mbali kabisa penye usawa wa jicho la mtazamaji. Nilikuwa nimepita barabara ile mara nyingi, na siku zote ilikuwa vile.

Karatasi za kuchorea zilikuwa ghali, kwa hiyo tulitumia mifuko ya saruji iliyokung'utwa na kunyooshwa. Kwa kazi kubwa tulitumia mkaa wa vifuu. Kwa rangi tulitengeneza brashi kwa katani, tukiziponda ncha zake mpaka zikawa laini. Sisemi haya ili tuhurumiwe. Nayasema kwa kuwa yapo mawazo kwamba sanaa ya uchoraji ni anasa ya watu wenye vifaa, na mawazo hayo si ya kweli.

Mwalimu alitupa mifano miwili ya kulithibitisha hilo. Wa kwanza ulikuwa wa Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na kisha Slade School mjini London, akawa mwakilishi wa nchi yetu huko Uingereza, na baadaye mkuu wa shughuli za utamaduni serikalini. Mtu huyu aliiona Ulaya kwa macho yake, si kwa kalenda. Hata hivyo alichora migomba, wanavijiji wakifanya kazi kwa pamoja, na mila za Uchagani. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, imehifadhiwa katika Museum of Modern Art, New York. Mfano wa pili ulikuwa wa Edward Saidi Tingatinga kutoka Tunduru, ambaye hakusoma shule yoyote ya sanaa. Huyo alikuja katika mkoa wetu wa Tanga miaka ya 1950 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari, akitumia rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na namna yake ya kuchora imeitwa kwa jina lake hata leo. Sisi watoto wa Tanga tulishangaa kusikia kwamba mtu huyo aliwahi kutembea katika vumbi letu. Huenda baadhi ya wazee wetu walifanya naye kazi ya kukata mkonge bila kujua.

Mwaka 1977 nilijiona nimeiva. Wakati wa likizo niliketi ufukweni kijijini petu nikachora ngalawa iliyotweka tanga, na juu ya mlingoti nikaweka bendera ili kuipamba. Karibu yangu alikuwapo mzee mmoja, fundi wa vyombo, akitia kalafati mashua. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” akaomba aione kazi yangu. Aliishika karatasi mbali na uso, kama wazee wafanyavyo.

“Upepo wako unatoka wapi?” aliniuliza.

Sikuelewa swali.

“Tanga limejaa kuelekea omo, kwa hiyo upepo unatoka tezi. Lakini bendera inapepea kuelekea tezi, kwa hiyo upepo unatoka omo. Chombo kimoja hakiendi na pepo mbili. Tena mlingoti umeusimamisha wima kama mnara wa msikiti. Mlingoti wetu huinama kidogo kuelekea mbele. Na haya matengo umeyabandika ubavuni. Iko wapi mirengu ya kuyashika?”

Nilinyamaza. Mzee alinirudishia karatasi, akasema kwa upole: “Ni chombo kizuri, mwanangu, lakini usimpandishe mtoto wa mtu.”

Maneno yale yaliniuma kuliko alama mbaya yoyote niliyowahi kupewa shuleni. Hata hivyo kesho yake nilirudi, na keshokutwa, na siku zote zilizobaki za likizo ile. Mzee alinionesha jinsi mirengu inavyokatiza chombo na kufungwa kwa kamba, na jinsi matengo yanavyokizuia kisipinduke. Alinieleza kwa nini foromali hugeuzwa chombo kinapobadili upande, na kwa nini bahari ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, haifanani kwa rangi wala kwa mawimbi na bahari ya kusi. Nilichora ngalawa ile ile labda mara ishirini. Tangu siku hizo sijapata kuchora kitu bila kwanza kuuliza kazi yake. Mzee yule hakupata kushika penseli, nami namhesabu kuwa mwalimu wangu wa pili.

Mwalimu wangu wa tatu alikuwa bibi, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu.

Bibi alikuwa mcha Mungu. Alikuwa amefundishwa chuoni tangu utotoni kwamba anayefanya sura ya kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho, naye hataweza. Alivumilia nichore nyumba, minazi na vyombo. Nilipoanza kuwachora watu alinikataza nisiuchore uso wake, nami nilimwahidi. Lakini moyoni nilinung'unika. Nilidhani kwamba kwa sababu ya katazo hilo pwani yetu haikuwa na uchoraji, na kwamba sisi wa kizazi kipya tulikuwa tunaanzia patupu.

Nilizinduka nilipokwenda Tongoni na Pangani nikiwa na daftari langu. Pale Tongoni, katika magofu ya msikiti na makaburi yapatayo arobaini ya karne ya 14 na ya 15, nilichora nguzo za makaburi na mapambo yaliyofanywa kwa matumbawe na chokaa. Kule Pangani nilikaa siku nzima mbele ya mlango mmoja wa nakshi. Juu ya miimo ulipita mnyororo usiokatika. Kizingiti cha juu kilijaa mawaridi, na katikati ulisimama mfaa uliochongwa kutoka juu mpaka chini. Nilipojaribu kuyanakili mawaridi yale nilishindwa kwa mara nne, mpaka nilipotambua kwamba fundi aliyagawa kwa bikari na hesabu kabla hajagusa patasi. Hapana waridi lililokuwa kubwa kuliko jirani yake. Watu wale hawakuwa na upungufu wa jicho wala wa mkono. Walikuwa wameliheshimu katazo lao, wakaipitisha sanaa yao katika jani, katika mnyororo na katika hesabu.

Nilirudi nyumbani nikamwona bibi barazani, ameketi juu ya jamvi, anasuka ukili wa mkeka kama nilivyomwona kila siku ya maisha yangu. Ukindu alikuwa ameuanika, ameuchana na kuutia rangi. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuvitazama. Nikaona kwamba mapambo ya ukili ule yalikuwa ndugu wa mapambo ya mlango wa Pangani, na kwamba mchoraji wa kwanza wa nyumba yetu hakuwa mimi.

Nilimwomba ruhusa: “Bibi, uso sitauchora. Naomba nichore mikono yako na ukili peke yake.” Alifikiri, akasema: “Mikono haina macho. Chora.”

Nilichora kwa siku tatu, kwa penseli, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nilipomaliza nilimwonesha. Kuhusu mikono hakusema neno. Aliweka kidole juu ya ukili uliochorwa, akaanza kuhesabu chane moja moja.

“Umeacha chane mbili,” alisema. “Na hii ilipaswa kupita chini, wewe umeipitisha juu. Ukili huu utafumuka.”

Nilimwambia kwamba hii ni picha tu, na watazamaji hawatahesabu. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya theluji. “Wewe je, hukuhesabu?” aliuliza. Basi nilifuta sehemu ile yote kwa ufutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, nikaketi miguuni pake, naye akasuka polepole, akinitajia kila chane inapopita juu na inapopita chini. Siku ya tano alihesabu tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema: “Huu sasa unashika.” Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kupewa na bibi katika uchoraji, na ilikuwa mwaka 1978.

Nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa kazi mbali na kwetu. Bibi alifariki mwaka 1983, wakati wa kaskazi. Hakupata kupigwa picha hata moja. Nilipofika msibani watu walinitazama kama kwamba mimi, fundi wa picha, nilipaswa kuwa na sura yake mahali fulani. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimetimiza ahadi yangu, na siku ile ahadi ilikuwa nzito. Hata sasa, miaka ikiwa mingi, kuna asubuhi ambazo uso wake haunijii sawasawa, na sithubutu kuubuni.

Mwaka 1985 mdogo wangu aliposwa. Katika nyumba yetu ilikuwa desturi mwari afumiwe mkeka wenye pambo ambalo bibi alilirithi kwa mama yake. Tulipotafuta mkeka wa zamani tuliona kwamba yote imechakaa na kutupwa, na wanawake wa nyumbani walikumbuka rangi lakini hawakukumbuka mapito. Shangazi alinitumia ujumbe nije na ile karatasi. Niliileta. Aliitandika barazani, akaishikiza kwa mawe manne, akaketi mbele yake na ukindu mkononi, akaanza kuhesabu kama bibi alivyohesabu: hii juu, hii chini, hizi mbili pamoja. Jioni ya siku ya pili ukili ulianza kutoka. Wanawake waliokuwapo walipoutambua walinyamaza kwanza, kisha mmoja akapiga kigelegele.

Lakini yafaa niseme ukweli wote. Katika picha ile kidole gumba cha bibi kilikuwa kimefunika sehemu ya ukili, na yaliyokuwa chini ya kidole sikuyachora kwa kuwa sikuyaona. Shangazi ilimbidi akisie. Alijaribu mara tatu, akachagua njia iliyoshika vizuri zaidi. Mkeka wa nyumba yetu unaosukwa leo ni wa bibi kwa sehemu kubwa, na kwa upana wa kidole gumba ni wa shangazi. Naona si vibaya. Huenda na bibi alipolirithi pambo lile, kulikuwa na mahali alipolazimika kukisia.

Ndugu msomaji, nimestaafu ualimu sasa. Katika miaka yote niliyofundisha, kila mwaka siku ya kwanza niliwaambia wanafunzi wachore nyumba waliyolala jana, na kila mwaka mikono ilisimama pale pale ulipokuwa umesimama wangu. Miaka ya mwishoni walizoea kuniuliza: “Mwalimu, kwa nini tuchore, nasi tuna simu za kupigia picha?” Niliwajibu kwamba simu ni chombo kizuri, na laiti ningalikuwa nayo mwaka 1978 ningaliomba ruhusa ya kuitumia. Lakini simu haimwulizi mtu kama amehesabu. Ingaliutunza ukili wa bibi bila mimi kujua chane zake ni ngapi, na bila yeye kunisahihisha. Yale aliyonifundisha katika zile siku mbili za mwisho, miguuni pake, yasingalifundishwa.

Kwa hiyo sidhani kuwa somo la uchoraji ni la kuwapumzisha watoto baada ya hesabu na sayansi, wala kuwa ni la wale wachache wenye kipaji. Si kila mtoto atakuwa Ntiro au Tingatinga, kama vile si kila mtoto wa Tanga atakuwa Shaaban Robert. Lakini kila mtoto anaweza kupewa karatasi, hata ya mfuko wa saruji, na kuambiwa akae mbele ya fundi wa kijijini kwao: anayechonga mwiko, anayesuka dema, anayefinyanga chungu. Achore, kisha ampe fundi asahihishe. Mtoto atatoka pale akijua kitu ambacho hakuwa akikijua, na fundi atatoka akijua kwamba kazi yake imetazamwa. Vitu vingi vya kwetu vinatoweka, na wenye kuvijua wanatoweka navyo, huku sisi tukipita mbele yao kila siku kama nilivyopita mimi mbele ya nguzo tano za baraza letu.

Tumewafundisha watoto wetu kusoma na kuandika, na hiyo ni kazi kubwa ambayo taifa limeifanya. Tuwafundishe pia kutazama, wakati wenye kuwasahihisha wangali wameketi barazani.